Kikohozi cha Baba Yako Mlangoni

Kigwa, jioni ya kuamkia safari yako

Nyamizi mwanangu,

Umekwenda Isikizya kuwaaga shangazi zako, na najua hawatakuachia mpaka ule kwa kila mmoja wao. Kwa hiyo nina nafasi. Begi lako nimelifunga. Habari za chakula, za kufunga mlango, za watu wa kuwaazima na wasioazimika, sitaziandika. Ulishazisikia mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Nataka kukuandikia jambo moja ambalo sijawahi kukusimulia lote, nalo linahusu kazi unayokwenda kuianza Mwanza.

Ulipoleta habari kwamba kampuni ya bima imekuajiri, na kwamba kazi yako itakuwa kuchunguza madai ya watu waliofiwa, ulidhani nilinyamaza kwa sababu sikupenda. Sivyo. Nilikuwa nakutazama tu. Mtu wa kazi hiyo niliwahi kumwona. Alikaa uani kwetu, akala wali niliompakulia, akaandika maneno yangu, na maneno hayo yakamfanya baba yako aitwe mdanganyifu akiwa kaburini. Sasa mtu wa kazi hiyo ni wewe, niliyekuzaa mwenyewe. Mungu ana mambo yake.

Baba yako unamkumbuka, lakini ulikuwa shuleni Nzega miaka yake ya mwisho, na mtoto wa bweni humjua baba wa likizo. Alikuwa mrina asali. Aliingia porini na mienge ya moshi, akarudi na ndoo begani. Mtu mpole, mwenye aibu kidogo, na alishika adabu aliyofundishwa na baba yake: mwanamume haingii ghafla nyumbani, hata kama ni kwake. Akifika mlangoni anakohoa. Anakohoa mara moja, anatulia, anakohoa tena, ndipo anasema hodi. Nami kutoka jikoni namwitikia, "Karibu." Ndivyo tulivyoishi.

Bima ya maisha aliikata bila makelele. Wakala alipita kijijini akieleza, watu wakacheka kwamba huko ni kujiombea kifo. Baba yako hakucheka. Alikwenda kupimwa kama walivyotaka, akajaza alichoulizwa, na akawa analipa kila msimu wa asali ulipomruhusu na hata usipomruhusu. Aliniambia, "Nyamizi asije akakaa nyumbani kwa sababu mimi sipo." Basi.

Alianguka stesheni akipakia ndoo, na kabla hatujamfikisha hospitali alikuwa amekwisha kukata roho. Moyo, wakatuambia.

Kwenye mazishi watani walifanya kazi yao. Wewe ulikuja, ulilia, hukuona mengi. Mzee Kondo, yule fundi cherehani Mzaramo aliyehamia hapa zamani na reli, ndiye alikuwa mtani mkuu wa baba yako. Walitukanana tangu wakiwa vijana. Alikuwa akimwambia, "Babu zako walifika pwani na pembe za ndovu kichwani, wamekauka koo, babu yangu akawauzia maji ya bahari. Wakanywa, wakashukuru." Na baba yako humjibu, "Ndiyo maana babu yako alikufa maskini. Aliuza kisichonyweka, na mteja hakurudi mara ya pili." Ndipo wanagawana ugoro.

Siku ya kuanua matanga, wewe ukiwa umesharudi shule, Mzee Kondo alivaa koti na kofia ya marehemu, akatoka nje, akaja akikohoa mlangoni kama yeye. Uwanja mzima ulicheka huku machozi yanatoka. Hata mimi nilicheka, na ndiyo mara ya kwanza tangu kifo nilivuta pumzi ikafika chini. Huo ndio utani. Watu waliobeba mizigo kutoka huku hadi pwani, wakizikana njiani na wageni, waliona kwamba kifo kikikaa peke yake na wafiwa kitawamaliza. Wakakitafutia mtu wa kukicheka.

Kijana wa kampuni ya bima, ambayo tulikuwa tumeipelekea taarifa ya kifo, alifika siku hiyo hiyo. Alikuwa na kazi nyingine Isikizya, akaona apite. Jina lake Elia, mpole, mashati yale ya kupigwa pasi vizuri. Alimkuta Mzee Kondo bado amevaa koti la marehemu, akamuuliza kama marehemu alikuwa na ugonjwa wowote.

"Ugonjwa?" Mzee Kondo akasema. "Huyu alikuwa maiti inayotembea. Kifua kilimwoza tukiwa vijana. Siku ya kwenda kupimwa alikitoa, akakiacha nje kwenye baiskeli, akaingia bila kifua."

Watu wakacheka. Elia akaandika. Akamwomba asaini, naye akasaini kwa mbwembwe zote, akidhani ni daftari la rambirambi. Kwetu neno la mtani msibani halishikwi. Hata mtoto analijua hilo. Hakuna aliyefikiri kwamba yupo mtu mzima duniani asiyelijua.

Kisha akaja kwangu. "Mama, pole sana. Ni kweli marehemu alikuwa anakohoa?"

Mimi, mwanangu, nilifundishwa vizuri shuleni. Mwalimu wetu wa darasa la saba alitufundisha kujibu swali lililoulizwa, kwa sentensi kamili, na kuishia hapo. Nikajibu, "Ndiyo, mume wangu alikuwa anakohoa kila jioni." Nikaona nimejibu sawasawa. Nikamwongezea mchuzi.

Barua ilikuja baada ya mvua za kwanza. Ilisema madai yamekataliwa kwa sababu marehemu alificha ugonjwa wa kifua wa muda mrefu wakati wa kukata bima, kama ilivyothibitishwa na rafiki wa karibu na mjane mwenyewe. Niliisoma nimesimama. Ilikuwa imepigwa chapa, ina mhuri, ina sahihi. Kosa langu kubwa ni hapa, Nyamizi, wala si kwenye kile kikohozi. Niliiamini. Sikuamini kwamba baba yako alikuwa mgonjwa, maana nililala naye na nilijua pumzi zake. Niliamini kwamba jambo limekwisha. Tangu utoto nilizoea kwamba kilichopigwa mhuri kimeshaamuliwa mahali ambapo mimi sifiki. Nikaikunja, nikaiweka, nikakuandikia wewe kwamba mambo ya bima yanakwenda.

Hasira yangu niliipeleka kwa mtu niliyemfikia. Nilikwenda kwa Mzee Kondo, nikamkuta kwenye cherehani.

"Karibu, mjane wa mbeba pembe," akasema.

Nikamwambia, "Umemuua mara ya pili." Nikamsomea barua.

Unajua kwamba mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani ndiye mkosaji, na hutozwa faini. Lakini Mzee Kondo hakudai faini. Alitoa mguu kwenye cherehani. Toka siku hiyo hakumtania mtu, si mimi tu, mtu yeyote. Watu waliokwenda kushona walirudi wakisema mzee anaumwa.

Ni yeye aliyeuliza. Alipanda gari hadi Tabora mjini, akauliza sokoni, akauliza mahakamani, mpaka akaelekezwa kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ambapo mawakili wanawasikiliza watu wasio na uwezo bila kuwatoza. Akarudi akasimama mbali na mlango wangu. "Mama Nyamizi," akasema, jina ambalo hakuwahi kuniita, "kesho tunakwenda mjini. Uje na barua na kila karatasi aliyoacha." Tulikwenda. Njia nzima hakunitania hata mara moja.

Wakili alikuwa mwanamke kijana, Wakili Nyemo, Mgogo. Alinyanyuka, akanipa shikamoo, akanipa kiti kabla ya kukaa yeye. Alisoma barua mara mbili. Akauliza, "Rafiki wa karibu anayetajwa hapa ni nani?"

"Ni mimi," Mzee Kondo akasema. "Muuaji."

"Mzee ni kabila gani?"

"Mzaramo."

"Na marehemu?"

"Mnyamwezi." Akasita. Ulimi ukamshinda. "Kwa bahati mbaya."

Wakili Nyemo akaweka kalamu chini, akamtazama. "Na maneno haya uliyasema wapi, mzee? Kwenye matanga?"

"Kwenye matanga. Nimevaa koti lake."

Alifunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia, kumbe anazuia kicheko. "Sisi Wagogo nasi tunawatania Wanyamwezi hivyo hivyo," akasema. "Walipokuwa wanapita kwetu na mizigo tuliwatoza hongo ya kupita, hata ya maji."

"Na bado unadai, naona," Mzee Kondo akamjibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikausikia ule utani wake.

Kisha Wakili Nyemo akaniambia maneno ambayo nayakumbuka kama mtu anavyokumbuka mahali alipopata maji. "Mama, hii barua si hukumu. Ni jibu la upande mmoja." Akaendelea, "Anayesema mwenzake alificha, yeye ndiye anayetakiwa kukionyesha kilichofichwa. Si kazi yako wewe kuthibitisha kwamba mumeo alikuwa mzima. Ni kazi yao kuthibitisha kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba alijua, na kwamba alinyamaza."

Sikuwa nimewahi kusikia kitu kama hicho. Mwanamke wa Kigwa, mjane wa mrina asali, na kampuni yenye ghorofa, na sheria inasema wao ndio wa kuanza kutoa ushahidi. Nilitazama ule ukuta wa ofisi yake, vitabu vile vilivyopangwa, nikawaza kwamba ndani yake kuna mtu aliyeketi zamani, asiyenijua, akaniandikia mimi sentensi hiyo. Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa kanisa usiku akaona taa zote zinawaka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole. Aliiandikia kampuni kuomba watoe ushahidi wao wote na wafikirie upya. Tukapata majibu ya vipimo alivyofanyiwa baba yako alipokata bima: mapafu safi. Tukapata maelezo ya hospitali: moyo. Wakili alinionya kwamba mambo haya yana muda wake, na kwamba watu wengi hushindwa, si kwa kukosa haki, ila kwa kukaa na barua ndani ya sanduku. Nilitazama chini, maana ndivyo nilivyokuwa nimefanya.

Kampuni ikaleta pendekezo. Watalipa sehemu, kwa huruma, yaishe. Nilitakiwa kusaini tu. Mwanangu, unakumbuka muhula ule uliorudishwa nyumbani kwa ada, ukakaa hapa ukinisaidia kuchuja asali, nami nikakwambia fedha zimechelewa? Fedha hazikuwa zimechelewa. Zilikuwa mezani kwa wakili, na kalamu nimeishika. Lakini karatasi ilisema nakubali kwamba marehemu hakusema kweli. Wakili Nyemo hakunisukuma. "Uamuzi ni wako, mama. Ukisaini, mtoto anarudi shule kesho. Hakuna atakayekulaumu."

Niliiweka kalamu chini. Nakuambia leo kwa sababu ule muhula ulikuwa wako, nami niliutumia bila kukuuliza. Mpaka sasa sijui kama nilikuwa na haki hiyo. Najua tu kwamba mkono ulikataa.

Basi wakili akalipeleka shauri kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, ambako mtu wa kawaida husikilizwa bila gharama za mahakama. Tulikaa kwenye chumba cha kuazima pale mjini. Msuluhishi mwenyewe alikuwa mzee mtaratibu mwenye miwani. Upande wa pili wakili wa kampuni, na Elia na shati lake. Mzee Kondo aliapishwa. Wakili wa kampuni akamwonyesha sahihi yake, akamuuliza, "Hii ni yako?" Akakubali. "Marehemu alikuwa anakohoa?" Akakubali.

"Basi," wakili wa kampuni akasema.

"Si basi," Mzee Kondo akasema. Akamgeukia msuluhishi. "Mheshimiwa, naomba ruhusa nitoke nje."

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Mlangoni tu."

Wakili Nyemo alinitazama, hakuwa amepanga hilo. Msuluhishi akaruhusu. Mzee Kondo akatoka, akafunga mlango. Kisha kule nje tukasikia mtu anakohoa mara moja, kwa upole, kama mtu mwenye aibu. Kimya. Akakohoa tena. "Hodi."

Sikukusudia, Nyamizi. Nilikuwa nimesimama tayari, mikono imenyooka kupokea ndoo, na mdomo umeshasema, "Karibu."

Kila mtu alinitazama. Nilikaa polepole. Nikaona wakili wa kampuni ameinamisha kichwa kwenye makaratasi yake, hasomi.

"Ingia, mzee," msuluhishi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Kisha akamgeukia Elia. "Kijana, kwenu mtu akifika mlangoni anafanyaje?"

Elia akafikiri. "Anabonyeza kengele, mheshimiwa."

Hapo ndipo watu wakacheka, na Elia mwenyewe akacheka, akajifuta macho. Msuluhishi akaniuliza kwa nini sikumweleza yule kijana siku ile. Nikamjibu ukweli: hakuniuliza kwa nini, aliniuliza kama. Akaandika muda mrefu.

Sitakudanganya kwamba kikohozi kilishinda kesi. Vipimo na maelezo ya hospitali ndivyo vilivyobeba uzito, na Wakili Nyemo alivipanga kimoja baada ya kingine bila kupandisha sauti. Lakini nadhani toka pale waliyasoma makaratasi yale wakijua yanamhusu mtu. Uamuzi ulipotoka, ulisema kampuni ilipe yote. Na kwa ombi la wakili wetu uliongezewa mstari mmoja, kwamba hakuna ushahidi wowote kuwa marehemu alificha jambo. Ada yako imelipwa kwa fedha ile. Ule mstari mmoja niliusoma kaburini kwa sauti, kwa sentensi kamili, nikaishia hapo.

Mzee Kondo bado alikuwa ananiita Mama Nyamizi. Nikajua deni ni langu. Nilichukua ndoo ndogo ya asali, nikampelekea faini yake ya kumkasirikia mtani. Alifunua kifuniko, akachovya kidole, akaonja kwa muda mrefu kama hakimu. "Ina moshi," akasema. "Wanyamwezi hamjui hata kuiba kwa nyuki." Tukaanza tena kuishi.

Sasa ni zamu yako. Nimekuwa nikiwaza utakavyokuwa, umekaa kwenye uwanja wa watu Magu au Geita, kalamu mkononi, na mjane fulani anakujibu kwa adabu kile tu ulichomuuliza. Sina la kukufundisha kuhusu sheria. Umesoma kunizidi. Nakuambia tu kwamba Elia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na alikuwa mgeni, na hakuna aliyemwambia kwamba ni mgeni.

Nawe usidhani kila aliyefiwa ni mkweli. Wapo wanaoficha. Wapo waliokwenda kukata bima wakiwa tayari na kitambaa chenye damu mfukoni, na ukilipa bila kuangalia unawaibia wengine wanaolipa bima ndoo kwa ndoo ya asali kama baba yako. Siku itafika utakapoandika barua ya kukataa, na utakuwa sahihi. Sikuombei usiiandike.

Lakini barua ile iliyokuja kwangu haikuwa na mstari hata mmoja unaosema, kama hukubaliani, nenda mahali fulani. Ilikwisha kwa sahihi. Kama Mzee Kondo asingekuwa na ukaidi wa kuzunguka soko zima akiuliza, ningekuwa nayo mpaka leo kwenye sanduku, na wewe ungekuwa hapa unachuja asali, ukiamini kwamba baba yako alidanganya.

Kwa hiyo nakuomba hili moja, na kama wakubwa wako watauliza, waambie mama yako ndiye aliyetaka. Kwenye barua zako za kukataa, andika mwishoni mahali pa kulalamika, na muda uliobaki wa kufanya hivyo. Andika kwa Kiswahili kinachosomeka, kwa herufi kubwa kama zile za kukataa. Wengi hawatakwenda. Mmoja atakwenda. Ukimwona ameingia chumbani na wakili wake na makaratasi yake kwenye mfuko wa plastiki, kuja kukwambia mbele ya watu kwamba ulikosea, nyanyuka, umpe shikamoo, na umpishe kiti.

Mimi niliyekuitikia kwanza duniani,
Mama yako